Kadi za Kudhibiti Diski katika Seva: Uteuzi na Upangaji Wake katika Mazingira ya Uvira

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuteua na kupanga kadi ya kudhibiti diski, yaani kadi ya upanuzi inayochomekwa ndani ya seva ili seva hiyo iweze kuendesha diski nyingi kwa pamoja. Mazingira yanayozingatiwa ni ya mji wa Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maelezo mengi ya watengenezaji wa kadi hizi huandikwa kwa kudhania mambo matatu: kwamba umeme haukatiki, kwamba chumba cha seva kina ubaridi wa kutosha, na kwamba kadi ikiharibika nyingine itapatikana baada ya siku moja au mbili. Katika mji kama Uvira hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutegemewa. Hoja ya makala haya ni kwamba, mahali pa namna hiyo, sifa ya kwanza ya kutafutwa katika kadi ni data kuendelea kusomeka hata pale kadi yenyewe itakapokufa. Kasi na wingi wa kazi za ziada hufuata baadaye.

Mfano utakaotumika ni wa seva ya kituo cha utafiti au maktaba ya chuo, yenye diski kati ya nne na nane. Mfano huo hauhusu taasisi yoyote mahususi.

2.0 Uzito wa suala hili katika mwambao wa kaskazini

Uvira ni mji wenye historia ndefu ya kukusanya data. Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia kilichoko mjini humo kina mizizi yake katika taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947 wakati wa utawala wa Wabelgiji. Vipimo vya maji, hali ya hewa na samaki katika ziwa hili huwa na thamani pale vinapodumu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza uzalishaji wa viumbe katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 2006 watafiti wengine walitoa hoja tofauti, wakisema kwamba mabadiliko ya kiasi cha samaki waliovuliwa yalitokana zaidi na mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Mjadala wa aina hii hauwezi kuamuliwa bila mfululizo mrefu wa vipimo vinavyoaminika, na maisha ya wavuvi wa ndagala yanaguswa na jibu lake.

Mfano wa pili unahusu afya ya wakazi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliolinganisha rekodi za wagonjwa waliolazwa Uvira kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu, kati ya mwaka 2009 na 2014, na rekodi za kila siku za uzalishaji wa maji ya bomba. Ilionekana kwamba baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, idadi ya wagonjwa katika siku 12 zilizofuata iliongezeka zaidi ya maradufu. Hitimisho hilo lilitokana na tarakimu ndogo ndogo zilizoandikwa siku baada ya siku. Kama tarakimu hizo zingepotea, au zingebadilika bila mtu kutambua, uhusiano huo usingeonekana.

Hapo ndipo kadi ya kudhibiti diski inapoingia. Umeme ukikatika, pampu ya maji husimama, na katika sekunde hiyo hiyo seva nayo huweza kuwa katikati ya kuandika data. Litakalotokea kwa data hizo hutegemea kwa kiasi kikubwa kadi iliyoteuliwa na jinsi ilivyopangwa.

3.0 Je, kadi inahitajika?

Swali hili hutangulia mengine yote, kwani mara nyingi jibu lake ni kwamba kadi haihitajiki. Bodi kuu ya seva kwa kawaida ina matundu kadhaa ya SATA, na kiasi cha data hukadiriwa kwa hesabu rahisi. Mstari mmoja wa vipimo wenye herufi 100, ukiandikwa kila siku kwa miaka 50, hufanya jumla ya megabaiti zisizofika 2. Data za namna hiyo hutosheka na diski mbili zilizochomekwa moja kwa moja katika bodi kuu, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake.

Hali hubadilika pale nyaraka na sauti zinapohifadhiwa. Ukurasa mmoja wa karatasi ya A4 uliopigwa picha ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi huchukua takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kurasa 100,000 za madaftari ya zamani huhitaji terabaiti 2.6. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa kuhifadhiwa, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde zenye biti 24 kila moja, huchukua megabaiti 518. Idara ya lugha inayokusanya masimulizi ya wazee wa Kivira na Kifuliiru pamoja na Kiswahili cha mwambao, hata kufikia saa 1,000, huhitaji zaidi ya gigabaiti 500 kwa nakala moja. Kituo chenye shughuli hizo zote ndicho kinachofikia haja ya diski sita au nane, na hapo kadi huwa ya lazima.

4.0 Aina za kadi

Kadi zinazopatikana madukani zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

4.1 Kadi sahili za SATA. Hizi huongeza matundu mawili, manne au zaidi kwa bei ndogo. Nyingine huwa na kigawanyaji kinachofanya diski kadhaa zipite katika njia moja. Diski moja ikikwama, nyingine zinazoshirikiana nayo njia hiyo huweza kukwama pia. Kadi za kundi hili zinafaa kwa diski moja au mbili za ziada. Si za kutegemewa kubeba hazina nzima ya kituo.

4.2 Kadi za RAID. RAID ni mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data zisipotee. Jina hilo lilienezwa na makala ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Kadi ya kundi hili ina kichakataji chake na kumbukumbu yake ya muda. Huzipanga diski yenyewe, kisha huionyesha seva kitu kimoja kana kwamba ni diski moja kubwa. Faida yake ni wepesi wa matumizi. Kasoro yake ni kwamba maelezo ya mpango huo huandikwa kwa muundo wa mtengenezaji, na kadi ikifa, njia ya uhakika ya kuzisoma diski zile ni kupata kadi nyingine ya ukoo ule ule.

4.3 Kadi za kupitisha. Hizi, zinazojulikana na mafundi kwa herufi HBA, hupitisha kila diski kwa seva kama ilivyo. Kazi ya kuziunganisha diski hufanywa na programu, kama vile md ya Linux au ZFS. Maelezo ya mpango huandikwa katika diski kwa muundo ulio wazi, kwa hiyo diski zile zikichomekwa katika kompyuta nyingine yenye programu hiyo, hata kupitia kadi ya kampuni nyingine, husomeka.

Kwa mujibu wa hoja ya makala haya, kundi la tatu ndilo linalofaa zaidi Uvira. Kadi ya RAID haipaswi kudharauliwa. Katika taasisi yenye mkataba wa matengenezo na vipuri vilivyo karibu hufanya kazi yake vizuri. Lakini taasisi itakayoichagua Uvira inunue kadi mbili za aina moja siku ile ile, na ya pili iwekwe kabatini.

5.0 Umeme unapokatika

Ili kuelewa hatari yenyewe, chukuliwe mpango uitwao RAID 5 wenye diski nne. Diski tatu hubeba data na ya nne hubeba tarakimu ya fidia inayowezesha kukokotoa data ya diski yoyote iliyokufa. Hesabu halisi hufanywa kwa mantiki ya 0 na 1, na fidia huzungushwa kati ya diski zote, lakini kujumlisha kwa kawaida kunatosha kuonyesha wazo. Tuseme diski tatu zina 12, 7 na 20. Fidia ni 39. Sasa 12 inabadilishwa kuwa 15. Diski ya kwanza imekwisha kuandika 15, na kabla fidia haijabadilishwa kuwa 42, umeme unakatika. Seva inapowaka tena hakuna kinachoonekana kuharibika. Baada ya miezi kadhaa diski yenye 7 inakufa. Mfumo unakokotoa 39 ukitoa 15 na 20, unapata 4, na kuandika 4 mahali pa 7 bila onyo lolote.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba tarakimu iliyoharibika ni ile ambayo hakuna mtu aliyeigusa siku umeme ulipokatika. Inaweza kuwa kipimo cha miaka kumi iliyopita. Mtafiti hana sababu ya kuishuku.

Kadi za RAID hujaribu kuzuia jambo hili kwa betri ndogo inayolinda kumbukumbu ya muda mpaka umeme urudi. Betri hiyo huchoka baada ya miaka michache, na joto huharakisha kuchoka kwake. Kadi za baadaye hutumia kapasita inayotoa muda wa kuhamishia data katika kumbukumbu isiyotegemea umeme. Kadi isiyo na betri nzima ipangwe iandike moja kwa moja katika diski na isitangulie kusema kwamba kazi imekwisha. Kasi itapungua, lakini data zitakuwa salama zaidi. Kosa la kawaida ni kulazimisha kadi iendelee kutumia kumbukumbu ya muda huku betri yake imekufa, ati kwa sababu seva imekuwa nzito.

Programu ya ZFS hutatua tatizo hilo kwa njia nyingine: haiandiki juu ya data ya zamani, na kila kipande hupewa alama ya ukaguzi inayofichua badiliko lolote. Programu ya md nayo inaweza kuwekewa kumbukumbu ya hatua kwa mipango yenye fidia. Kwa diski nne, suluhisho jepesi kuliko yote ni kuziweka katika jozi za nakala pacha, ambapo hakuna fidia ya kukokotoa.

6.0 Vigezo vya uteuzi

6.1 Nafasi na kasi. Kadi nyingi za kupitisha zenye njia nane huchomekwa katika nafasi ya PCIe yenye njia nane. Kadi ya kizazi cha pili cha PCIe hupitisha takriban gigabaiti 4 kwa sekunde, na ya kizazi cha tatu hukaribia 8. Diski ya kuzunguka hutoa megabaiti 200 hivi kwa sekunde. Diski nane kwa pamoja hutoa gigabaiti 1.6. Kwa hiyo kadi ya zamani ya kizazi cha pili inatosha, na fedha zinazobaki zifaazo ni za kununulia kadi ya akiba.

6.2 Ukubwa wa diski. Kadi zenye chipu ya SAS1068E hazioni zaidi ya terabaiti 2.2 katika diski moja. Kadi hizo bado huuzwa kama mitumba, na mnunuzi hugundua kasoro baada ya diski kubwa kuonekana nusu. Zenye chipu ya SAS2008 na zilizofuata hazina ukomo huo. Chipu hiyo imo katika LSI 9211-8i, na pia katika IBM M1015 na Dell H200, ambazo ni za ukoo mmoja ingawa majina ni tofauti. Kampuni ya LSI ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na Avago ikachukua jina la Broadcom mwaka 2016. Ndiyo maana kadi za ukoo huo hukutwa na majina matatu.

6.3 Aina ya diski na nyaya. Kadi ya SAS husoma diski za SAS na za SATA. Tundu la SATA halisomi diski ya SAS. Kuhusu nyaya, ziko za aina mbili zinazofanana kwa macho: moja hutoka katika tundu moja la kadi na kugawanyika kwenda diski nne, na nyingine hukusanya matundu manne ya bodi kuu kwenda katika kiunganishi kimoja. Waya wa aina ya pili ukitumiwa mahali pa ya kwanza, diski hazitaonekana, na fundi huweza kudhani kadi imekufa. Aina itajwe waziwazi katika hati ya kuagizia.

6.4 Joto. Kadi hizi zilibuniwa kwa ajili ya seva zenye upepo mkali ndani yake. Zikiwekwa katika kompyuta ya kawaida, kwenye joto la mwambao wa ziwa, chipu huzidi kuchemka na diski huanza kutoweka na kurejea bila utaratibu. Feni ndogo inayopuliza moja kwa moja juu ya kadi huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

7.0 Upangaji

Kwanza, programu ya ndani ya kadi ikaguliwe. Kadi za ukoo wa SAS2008 huwa na hali mbili: IR, yenye uwezo mdogo wa RAID, na IT, ambayo hupitisha tu. Hali ya IT ndiyo inayohitajika hapa, na toleo la 20.00.07.00 lilisahihisha kasoro za matoleo ya 20 yaliyolitangulia. Kabla ya kufuta programu ya zamani, namba ya utambulisho iliyo katika kibandiko cha kadi inakiliwe. Kazi hii ifanywe seva ikiwa katika UPS iliyojaa chaji, kwani umeme ukikatika katikati yake kadi huweza isiamke tena.

Pili, kila diski iandikwe namba yake ya kiwandani kwenye kibandiko kinachoonekana kwa nje, na namba hizo hizo zitumiwe katika mpangilio wa programu. Majina ambayo Linux huzipa diski kwa mfuatano wa kuonekana hubadilika diski ikichomolewa. Namba ya kiwandani haibadiliki.

Tatu, UPS iunganishwe na seva kwa waya wa mawasiliano ili seva ijizime yenyewe chaji inapopungua. UPS isiyozungumza na seva huahirisha kuzimika kwa ghafula kwa dakika chache tu.

Nne, ukaguzi wa data zote upangwe kila mwezi, na onyo la hitilafu lisitegemee barua pepe peke yake. Mtandao unapokatika, taa au king'ora ndani ya jengo hubaki kuwa njia ya uhakika.

Tano, na hili ndilo huachwa mara nyingi, mfumo ujaribiwe kabla data za kweli hazijawekwa. Diski moja ichomolewe makusudi na kurudishwa. Umeme ukatwe makusudi wakati seva inaandika. Muda wa kujenga upya diski upimwe: diski ya terabaiti 4, kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya saa 7 hata pasipo kazi nyingine. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, ni lazima ijulikane mapema kama kazi hiyo huendelea pale ilipoishia au huanza upya.

8.0 Mipaka ya kadi

Kadi nzuri iliyopangwa vizuri hulinda data dhidi ya kifo cha diski. Hailindi dhidi ya wizi, moto, vita, maji au mkono uliofuta faili kwa bahati mbaya. Uvira ilipitiwa na vita mwaka 1996 na tena kuanzia 1998. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wakapoteza maisha na maelfu wakabaki bila makazi. Katika maafa ya namna hiyo diski nane zilizomo ndani ya seva moja huenda zote kwa pamoja. Nakala ya pili haina budi kukaa mahali pengine, kwa mfano Bukavu, na ihuishwe kwa ratiba, hata kama ni diski moja inayosafirishwa mkononi. Bajeti ikitosha kitu kimoja tu kati ya kadi na nakala ya nje, nakala ya nje itangulizwe.

9.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba kadi ya kupitisha, ikitumiwa pamoja na programu yenye muundo ulio wazi, ndiyo inayofaa zaidi mahali penye umeme usiotulia na vipuri vilivyo mbali. Limebaki suala moja linalowahusu moja kwa moja wataalamu wa lugha. Ujumbe wa kadi huandikwa kwa Kiingereza, fundi wa Uvira amesomeshwa kwa Kifaransa, na mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye huenda ndiye wa kwanza kuiona taa nyekundu, huzungumza Kiswahili. Madhara makubwa katika mifumo hii hutokea pale mtu mwenye nia njema anapochomoa diski nzima akiiacha mbovu. Kwa hiyo karatasi moja ya Kiswahili inapaswa kubandikwa juu ya kila seva, nayo haihitaji istilahi yoyote ngumu: taa nyekundu ikiwaka, usichomoe kitu, usizime, soma namba iliyo katika kibandiko cha diski yenye taa hiyo, iandike katika daftari pamoja na saa, mwite fundi. Karatasi hiyo ni sehemu ya upangaji wa kadi sawa na waya na programu yake.